Kwa nini ozoni ya Ubungo ilikuwa chini kuliko ya Kigamboni? Na kemia ya angahewa inasomwaje?

#1 Mwanakemia wa Changanyikeni

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya kemia hapa Dar es Salaam. Kwa ajili ya mradi wa kumalizia masomo niliazimwa kihisi kimoja cha ozoni (gesi yenye atomi tatu za oksijeni), nikakaa nacho majuma sita kuanzia katikati ya Mei, nikipima hewa mahali pawili: kando ya makutano ya Ubungo, na uani kwa mama yangu mdogo huko Kibada, Kigamboni, mahali ambapo gari hupita moja moja. Darasani tulifundishwa kwamba ozoni ya karibu na ardhi hutokana na moshi wa magari ukipigwa na jua, kwa hiyo nilitarajia Ubungo iongoze kwa mbali. Imekuwa kinyume. Karibu kila siku niliyopima, Kibada ilisoma juu na Ubungo ikasoma chini, na siku za foleni kubwa zaidi ndizo Ubungo iliposhuka kabisa.

Msimamizi wangu amekataa kunipa jibu. Ameniagiza nitafute maelezo matatu yanayopingana, kisha niseme ni lipi ninaloweza kulithibitisha. Mpaka sasa sina hata moja ninaloliamini.

Swali la pili linahusu masomo yenyewe. Ningependa kuendelea na kemia ya angahewa katika shahada ya uzamili, lakini kila ninayemuuliza ananiambia kwamba huo ni uwanja wa wanafizikia na wanahisabati. Nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), na hisabati yangu ya kidato cha sita ni ile ya msingi, BAM, tu. Je, nimechelewa?

#2 Kijana wa Tabata

Kifaa kibovu. Hizi sensa za bei nafuu zinasoma zinavyotaka. Kirudishe, omba kingine, upime upya.

#3 Mwalimu wa Kidato

Ndugu wa Tabata, ulipoandika "sensa" nilidhani makarani wa mwaka 2022 wamerudi kutuhesabu. Tumwachie mleta uzi neno lake la kihisi.

Dada, matokeo yako yanaweza kuwa sahihi kabisa, na kemia yake unaijua tayari. Umeikuta vipande vipande katika kozi tofauti bila mtu kuviunganisha. Injini haitoi ozoni. Ndani ya silinda joto huwa kali kiasi cha kuunganisha naitrojeni na oksijeni za hewa, na kinachotoka kwenye bomba la moshi kwa sehemu kubwa ni monoksidi ya naitrojeni. Gesi hiyo ikikutana na ozoni huinyang'anya atomi moja ya oksijeni: ozoni inageuka kuwa oksijeni ya kawaida, na monoksidi inageuka kuwa dioksidi ya naitrojeni. Mmenyuko huo ni wa haraka mno. Katika hewa yenye ozoni ya kiasi cha kawaida, sehemu 40 kwa bilioni hivi, monoksidi ya naitrojeni haimalizi zaidi ya dakika moja hivi kabla ya kuila ozoni. Kwa maneno mengine, ukiwa umesimama palipo na foleni umesimama mahali ambapo ozoni inaliwa wakati huo huo.

Baadaye jua huivunja ile dioksidi, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 420 hivi, na atomi ya oksijeni inayobanduka huungana na oksijeni ya hewa kuwa ozoni upya. Mchana wa jua kali hilo huchukua dakika mbili tatu. Kufikia hapo hewa imeshasogea na upepo. Ndiyo maana ozoni huonekana zaidi pembezoni mwa jiji kuliko katikati yake.

Jambo la kufanya ni moja: azima kifaa cha dioksidi ya naitrojeni, kisha jumlisha dioksidi hiyo na ozoni mahali pote pawili. Ikiwa jumla za Ubungo na Kibada zinakaribiana, basi ozoni haikupotea, imebadilishwa jina tu. Ikiwa jumla ya Ubungo bado iko chini sana, maelezo yangu hayatoshi.

#4 Mdadisi wa Mbagala

Nachangia kidogo. Mimi nafahamu kwamba Molina na Rowland waligundua tundu la ozoni mwaka 1985, na walipewa tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo. Walieleza kwamba gesi zinazotoka kwenye mitambo yetu hupanda na kulitoboa tabaka la ozoni. Je, haiwezekani kwamba juu ya Ubungo tabaka limepungua kwa sababu ya moshi wa miaka mingi, na kwamba hicho ndicho kihisi kilichokiona?

#5 Binti Kunduchi

Ndugu wa Mbagala, umechanganya mambo matatu, na ninakusahihisha kwa nia njema kwa sababu nami niliyachanganya nikiwa mwaka wa kwanza.

Kwanza, Mario Molina na Sherwood Rowland hawakuona tundu lolote. Mwaka 1974 waliandika kwamba klorofluorokaboni, zile gesi za majokofu na makopo ya kupuliza, hazivunjiki huku chini. Hupanda hadi stratosfia, tabaka la juu la angahewa, huko mwanga wa urujuanimno huzivunja na kuachia klorini, na atomi moja ya klorini huweza kuangamiza maelfu ya molekuli za ozoni. Waliotangaza upungufu mkubwa juu ya Antaktika mwaka 1985 walikuwa watu wengine, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, kwa vipimo vya kituo cha Halley. Nobel ya kemia ya mwaka 1995 walipewa Molina, Rowland na Paul Crutzen.

Pili, tundu hilo liko kwenye ncha ya kusini ya dunia, kwa sababu baridi ya huko wakati wa majira yao ya baridi hutengeneza mawingu ya stratosfia, na juu ya chembe za mawingu hayo klorini huandaliwa kwa ajili ya kushambulia jua linapochomoza. Juu ya Dar es Salaam hakuna mawingu ya namna hiyo.

Tatu, kihisi cha mkononi hupima hewa inayokigusa. Ozoni ya stratosfia iko kilomita 15 hadi 35 juu ya vichwa vyetu. Ile ni kinga yetu dhidi ya urujuanimno, na hii ya chini hukereketa mapafu. Ni molekuli ile ile.

#6 Mpima Upepo

Nilifanya kazi ya kupima hali ya hewa kwa miaka zaidi ya thelathini kabla ya kustaafu, na ninasikitika kwamba mpaka sasa hakuna aliyeuliza habari za upepo. Binti yangu, umeandika majuma sita kuanzia katikati ya Mei. Huo ni msimu wa kusi. Hewa inayofika Kibada wakati huo inatoka Bahari ya Hindi upande wa kusini, mahali ambapo kwa maelfu ya kilomita hakuna kiwanda wala barabara. Hewa inayofika Ubungo ni hiyo hiyo, isipokuwa imepita kwanza juu ya bandari, Temeke, Buguruni na barabara ya Mandela.

Ungepima Januari ungekutana na hewa nyingine kabisa. Kaskazi ile iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi huleta pia hewa ya huko. Mwaka 1999, kuanzia Januari hadi Machi, wanasayansi wa nchi nyingi waliweka kambi Maldives katika utafiti ulioitwa INDOEX, wakatumia ndege na meli, wakaukuta ukungu wa moshi kutoka Asia ya Kusini umetanda juu ya bahari hadi kwenye ukanda ambapo pepo za kaskazini na kusini hukutana. Crutzen aliyetajwa hapo juu alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, pamoja na Ramanathan. Sisemi kwamba moshi huo ulifika Kibada. Nasema kwamba mtu anayepima ozoni ya pwani yetu bila kuandika msimu amepima nusu.

Nina swali jingine, nalo ni zito zaidi. Una kihisi kimoja na mahali pawili. Ulikuwa unakwenda wapi kwanza?

#7 Mwanakemia wa Changanyikeni

Shikamoo mzee, na ahsante. Umegusa mahali penyewe. Majuma mawili ya kwanza nilianzia Ubungo saa tatu asubuhi, kisha nikavuka na kufika Kibada saa nane mchana, na msimamizi wangu alipoona alinirudisha, kwa kuwa ozoni hupanda mchana kwa vyovyote. Majuma manne yaliyofuata nilibadilisha zamu: siku moja Kibada asubuhi, siku ya pili Ubungo asubuhi. Tofauti ilipungua lakini haikuisha. Mchana kwa mchana, Kibada bado iko juu.

Mwalimu wa Kidato, nimeielewa hoja yako ya kujumlisha, na kifaa cha dioksidi nimeanza kukitafuta.

#8 Mpima Upepo

Marahaba. Umefanya vyema kubadilisha zamu. Andika pia upepo ulitoka wapi kila saa. Hata kipande cha khanga juu ya mti kitakuambia.

#9 Mkaa wa Moyo

Nina hoja inayompinga mzee kwa heshima. Kama hewa ya Kibada inatoka bahari safi ya kusini, basi Kibada ingetakiwa kuwa na ozoni kidogo. Hewa ya bahari ya tropiki ina mvuke mwingi na jua kali. Mwanga wa chini ya nanomita 320 hivi huvunja ozoni na kutoa atomi ya oksijeni yenye nguvu ya ziada, na atomi hiyo ikikutana na molekuli ya maji huzaliwa radikali mbili za haidroksili, yaani vipande vya molekuli vyenye pupa ya kumenyuka na karibu kila kitu. Palipo na monoksidi ya naitrojeni kidogo sana, mwendo mzima huo humaliza ozoni badala ya kuizalisha. Kwa hiyo ama hewa ya Kibada si safi kama tunavyodhani, ama kuna kitu kinatengeneza ozoni pale pale Kigamboni.

Nami nashuku jambo ambalo halijatajwa, nalo ni moshi wa kupikia. Nimekulia katika nyumba ya mkaa. Bibi yangu aliuza chapati na maharage, na jiko halikuzimwa tangu alfajiri hadi usiku. Jiko la mkaa hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Ikitoka nje haiui mtu, lakini hukaa angani miezi miwili hivi, na inapounguzwa na haidroksili huku kukiwa na oksidi za naitrojeni, inazaliwa ozoni. Jiji zima linapika kwa mkaa. Hatuwezi kulaumu magari peke yake.

#10 Ughaibuni kwa Muda

Salaam kutoka Uingereza, ambako nafanya shahada ya uzamivu katika uwanja huu huu. Uzi umenigusa kwa sababu miaka minane iliyopita nilikuwa hapo alipo mleta uzi, na mimi nilitokea CBG (kemia, biolojia na jiografia).

Nianze na ozoni. Wachangiaji #3 na #9 wote wana hoja, na tofauti yao ni ya umbali na muda. Mmenyuko wa #3 ni wa dakika na mita mia kadhaa. Hoja ya monoksidi ya kaboni ni ya siku na majuma, kwa hiyo inaweza kueleza kwa nini ukanda mzima una ozoni ya kiasi fulani, lakini haiwezi kueleza tofauti kati ya Ubungo na Kibada ambazo hazifiki hata kilomita 30. Katikati yao kuna jambo la tatu: mivuke ya kikaboni. Petroli inayovukiza vituoni, thina ya mafundi rangi, moshi wa bodaboda na bajaji, pamoja na aisoprini inayotolewa na miti mingi kwenye jua, mikaratusi ikiwa mfano. Haidroksili ikiishambulia mivuke hii huzaliwa radikali za peroksi, ambazo hugeuza monoksidi ya naitrojeni kuwa dioksidi bila kuila ozoni. Hapo ndipo ozoni huongezeka kikweli. Arie Haagen-Smit aliionyesha kemia hiyo kwa ukungu wa Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kuna mtihani mmoja rahisi usiohitaji kifaa kipya. Huko Los Angeles watu walikuja kugundua kwamba ozoni ilipanda Jumamosi na Jumapili, siku ambazo malori ya dizeli yalipungua. Monoksidi ilipungua kuliko mivuke, na mlaji wa ozoni akawa hayupo. Pima Ubungo siku ya Jumapili, saa zile zile.

Sasa masomo. Hofu ya hisabati ni ya kweli, na nisingependa kuipunguza. Tatizo lenyewe ni hili: radikali ya haidroksili huishi chini ya sekunde moja, ilhali methani huishi karibu miaka tisa, na zote zimo ndani ya seti moja ya milinganyo. Ukiifuata haidroksili kwa hatua ndogo ndogo, hesabu haitafika mwisho. Ukichukua hatua ndefu, hesabu inalipuka. Milinganyo ya namna hiyo inahitaji mbinu maalumu, na kuielewa kulinigharimu mwaka mzima. Lakini sikuanzia huko. Nilianza na sanduku: fikiria pipa uani, bomba linaingiza maji, tundu linavujisha. Kiasi kilichomo ukigawanya kwa kinachovuja kwa saa unapata muda ambao tone moja hukaa humo. Nusu ya kemia ya angahewa ni pipa hilo, na hisabati ya BAM inalitosha. Nusu nyingine nilijifunza nikiwa nimeshaingia, kwa sababu sasa nilijua ninaitafutia nini.

Crutzen mwenyewe alisomea ujenzi wa madaraja. Alijibu tangazo la kazi ya kuandika programu za kompyuta katika idara ya hali ya hewa huko Stockholm, akaanza mwaka 1959 bila kujua kuandika programu, na mwaka 1970 akachapisha kazi iliyoonyesha kwamba oksidi za naitrojeni huiharibu ozoni ya stratosfia.

#11 Fundi Baridi Kariakoo

Mimi si mwanachuo. Nina cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na nimekuwa kazini miaka kumi na minne. Nimesoma uzi huu tangu mwanzo mara mbili.

Hizo gesi alizozitaja Binti Kunduchi nimezishika kwa mkono. Nilipoanza kazi, wazee wetu bado walikuwa na majokofu ya R-12, ambayo ni klorofluorokaboni, na walipofungua mfumo waliiachia gesi hewani na kuendelea na kazi. Hakuna aliyewaambia kitu. Baadaye tukahamia R-134a, isiyo na klorini. Mafunzoni nikaelezwa habari za mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, halafu marekebisho yaliyopitishwa hapo jirani Kigali mwaka 2016, yanayotaka hata hiyo R-134a ipunguzwe, kwa kuwa haiharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. Niliuliza ni kwa nini gesi moja inaharibu na nyingine haiharibu, na mwalimu alinijibu kwamba hilo si la mtihani. Nimeishi na swali hilo miaka mingi.

Naomba kujua kama mtu wa cheti anaweza kufika kwenye masomo haya. Pia, ile harufu kali inayotoka kwenye mashine za fotokopi zikifanya kazi muda mrefu, na ile ya kuchomelea vyuma, ndiyo ozoni?

#12 Binti Kunduchi

Kaka Fundi, swali lako lilistahili jibu siku ile ile. R-12 ina klorini. Haina haidrojeni, kwa hiyo haidroksili ya huku chini haina pa kuishika, na inapanda mpaka juu ikiwa nzima. R-134a ina haidrojeni, kwa hiyo sehemu kubwa huvunjwa kabla ya kufika stratosfia, na hata ikifika haina klorini ya kuachia. Hilo tu ndilo ulilonyimwa.

Harufu ya fotokopi za zamani ni ozoni kweli, hutokana na umeme wenye volti kubwa unaoruka hewani. Cheche ya kuchomelea hutoa ozoni pia, kwa mwanga wake wa urujuanimno, lakini hapo kuna moshi wa metali ndani yake, nao ni hatari zaidi, fungua madirisha.

#13 Mwalimu wa Kidato

Fundi, njia ya cheti ipo lakini ni ndefu: stashahada kwanza, kisha shahada, na vigezo hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika. Kuna pia chuo cha hali ya hewa Kigoma, kinachofundisha upimaji.

#14 Kipimo Sahihi

Kijana wa Tabata alipuuzwa haraka mno hapo juu, na mimi narudi kwenye hoja yake, kwa kuwa nimefanya kazi na vifaa hivi.

Vihisi vya ozoni vya bei nafuu viko vya aina mbili kubwa. Vile vya oksidi ya metali huathiriwa na joto na unyevu, na kando ya lami ya Ubungo kuna joto kuliko uani kwa mama mdogo penye miti. Vile vya kielektrokemia hupokea dioksidi ya naitrojeni kana kwamba ni ozoni. Tazameni sasa: kama kihisi cha dada ni cha aina ya pili, kosa hilo lingeipandisha Ubungo, palipo na dioksidi nyingi. Ubungo imesoma chini hata hivyo. Maana yake tofauti ya kweli inaweza kuwa kubwa kuliko alivyoiona. Kama ni cha aina ya kwanza, siwezi kusema lolote, na yeye pia hawezi.

Kifaa cha rejea hupima ozoni kwa kupitisha mwanga wa nanomita 254 ndani ya mrija na kuona kiasi kilichomezwa. Kihisi kisichowahi kukaa siku kadhaa ubavuni mwa kifaa cha namna hiyo hakitoi namba, kinatoa dalili. Jambo moja ninalolipenda katika fani hii ni kwamba kifaa cha rejea cha monoksidi ya naitrojeni hutumia mmenyuko ule ule wa #3: ndani ya chumba kidogo huchanganya hewa na ozoni, na dioksidi inayozaliwa hutoa mwanga hafifu unaohesabiwa. Kinachotokea Ubungo barabarani kimefungiwa ndani ya sanduku.

#15 Mhitimu asiye na Mashine

Ningependa mleta uzi ajue upande wa pili pia. Nilifanya shahada ya uzamili katika uwanja huu, katika chuo ambacho sitakitaja. Mashine ya rejea ilikuwepo, nzuri, ya msaada. Ilikaa miezi saba bila kazi kwa sababu gesi ya kuihakiki iliisha na hakukuwa na fungu la kuagiza nyingine, na mimi muda wangu wa masomo ulikuwa unakwenda. Nililia. Kisha nikabadilisha mada, nikatumia takwimu za satelaiti.

Hilo ndilo ninalomshauri. Satelaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, hupita juu yetu kila siku mchana, baada ya saa saba, na hupima dioksidi ya naitrojeni, monoksidi ya kaboni, methani na nyinginezo, na takwimu zake ni bure kwa mtu yeyote mwenye kompyuta na mtandao. Ramani za dioksidi ya naitrojeni zitakuonyesha upepo unaipeleka wapi hewa ya jiji. Programu kubwa za kuigiza angahewa, kama GEOS-Chem, nazo hutolewa bure. Uzamili wangu niliumaliza juu ya moshi wa mioto ya mashamba na mbuga ya kuanzia Juni hadi Oktoba kusini mwa Afrika, jambo ambalo Crutzen na wenzake walikuwa wameliandikia tangu mwaka 1979. Hapo pia pana hoja kwa mleta uzi: Juni ni mwanzo wa mioto. Moshi wa mbali hubeba ozoni iliyokwisha kutengenezwa njiani.

#16 Mkaa wa Moyo

Hilo la mioto lingeongeza Ubungo na Kibada sawasawa. Halielezi tofauti.

#17 Mhitimu asiye na Mashine

Halielezi tofauti, ni kweli. Linaeleza kwa nini Kibada haiko chini kama ulivyotarajia katika #9.

#18 Mdadisi wa Mbagala

Nimekubali masahihisho ya #5 na ninashukuru. Naongeza moja la vitendo: Kibada si mbali sana na bahari na meli hutia nanga nje ya bandari zikisubiri. Zinachoma mafuta mazito. Je, moshi wake haufiki?

#19 Mpima Upepo

Hufika upepo ukitaka. Meli nyingi zinazosubiri huwa upande wa kaskazini-mashariki wa Kibada, na kusi haitoki huko. Lakini upepo wa bahari wa mchana huipinda kusi kidogo, kwa hiyo sikatai moja kwa moja.

#20 Mwanakemia wa Changanyikeni

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Nimepima Jumapili mbili pale Ubungo, saa zile zile za mchana. Zote mbili ozoni ilikuwa juu kuliko siku za kazi za majuma hayo, lakini haikuifikia Kibada. Kihisi changu ni cha kielektrokemia, nimeuliza maabara. Dioksidi ya naitrojeni nimeipima siku tatu tu kwa kifaa cha kuazima. Nilipojumlisha kama alivyoelekeza Mwalimu wa Kidato, pengo lilipungua sana, na siku moja Ubungo ikapita Kibada.

Msimamizi ameangalia akasema siku tatu si kitu, na kwamba kwa kuwa kihisi cha ozoni huisoma dioksidi pia, huenda nimeihesabu dioksidi mara mbili. Nimebaki na maelezo manne badala ya matatu. Kuhusu uzamili, nimeanza kusoma milinganyo ya pipa.

#21 Kipimo Sahihi

Msimamizi wako yuko sahihi kuhusu kuhesabu mara mbili. Zaidi ya hayo, magari ya dizeli hutoa dioksidi kiasi moja kwa moja kutoka kwenye bomba, kwa hiyo jumla ya Ubungo inaweza kupita ya Kibada bila ozoni yoyote mpya kutengenezwa. Vifunge vihisi vyote viwili pamoja mahali pamoja kwa siku tano kabla ya kuendelea.

#22 Ughaibuni kwa Muda

Hata hivyo Jumapili mbili zimesema kitu. Endelea hadi zifike sita.

#23 Mpima Upepo

Binti yangu, Jumapili hizo mbili upepo ulikuwa unatoka wapi?

#24 Mwanakemia wa Changanyikeni

Ya kwanza sikuandika, mzee. Ya pili kipande cha khanga kilielekea Kimara kuanzia saa tano hadi saa tisa, kisha kikalala.

#25 Fundi Baridi Kariakoo

Nina duka la ghorofa ya tatu pale Kariakoo, juu ya paa kuna umeme na kuna mtu anayelala hapo usiku kwa ulinzi. Liko katikati ya njia ya huo upepo wa kwenda Ubungo. Dada, ukipata kihisi cha pili kilete, nitakitazama kila asubuhi na kukuandikia namba.